Homa Inayokuja Baada ya Maradhi Kupita

Katika nyumba nyingi za visiwa vyetu, mtoto aliyeugua huhesabiwa kuwa amepona siku ile anapoomba chakula kwa kinywa chake na kurudi uwanjani kwa wenziwe. Hesabu hiyo si mbaya, na mara nyingi ni sahihi. Lakini tangu mwaka 2020 ulimwengu umejifunza kwamba yako maradhi yanayomngoja mtoto nje ya mlango baada ya kupona. Korona humpitia kama mafua mepesi, au hata bila ya yeye wala wazee wake kutambua. Kisha, baada ya wiki mbili hadi sita, humrukia homa kali, macho yakawa mekundu, tumbo likamuuma, na moyo wake ukashindwa kusukuma damu ipasavyo. Leo tumeona yafaa kuyazungumzia maradhi hayo, kwa sababu yanatibika, na kwa sababu kutibika kwake kunategemea jambo moja ambalo hospitali peke yake haiwezi kulifanya, nalo ni kuyakumbuka yaliyopita.

Habari yake ilianza kusikika London. Katikati ya mwezi wa Aprili 2020, katika muda wa siku kumi tu, madaktari wa watoto mahututi kusini mwa jiji hilo walipokea watoto wanane wenye umri wa kati ya miaka 4 na 14, ambao wote kabla ya hapo walikuwa na afya njema. Walikuja na homa isiyoshuka, upele, macho mekundu, maumivu ya viungo na ya tumbo, kutapika na kuharisha. Kisha shinikizo la damu likaanguka, na maji waliyotiwa mishipani hayakufua dafu. Saba kati yao walihitaji mashine ya kupumulia, na hilo halikuwa kwa sababu ya mapafu, bali kwa sababu moyo na mishipa ya damu vilikuwa vimelegea. Mmoja, mvulana wa miaka 14, alifariki.

Madaktari wale walipopima pua na koo kukitafuta kirusi cha korona, kwa wengi wa watoto hao hawakukiona. Walipouliza habari za nyumbani, iligundulika kwamba wanne kati ya wanane walikuwa wameishi karibu na jamaa aliyeguswa na korona. Na damu ilipopimwa baadaye kutafuta alama za kinga, wote wanane walikutwa nazo. Maana yake miili yao ilikwisha kupigana na kirusi hicho na kukishinda.

Tunawaomba wasomaji wetu, na hasa wale walio na dhamana katika afya ya umma, walitafakari jambo hilo kwa utulivu. Kipimo cha siku ile kilisema hapana. Masimulizi ya nyumbani yalisema ndiyo. Lau madaktari wale wangelitegemea kipimo peke yake, wangeliandika katika majalada yao kwamba hawa ni watoto wenye sumu katika damu kutokana na bakteria wasiojulikana, na mambo yangeishia hapo.

Wakati huo huo, huko Bergamo, mji wa kaskazini ya Italia ulioumizwa mno na korona katika miezi ile ya mwanzo, madaktari walikuwa wakifungua madaftari yao ya zamani. Katika miaka mitano iliyotangulia walikuwa wamepata watoto 19 tu wenye maradhi ya namna hiyo. Baina ya tarehe 18 Februari na 20 Aprili 2020 walipata watoto 10. Kwa hesabu yao, hilo lilikuwa ongezeko la mara thelathini kwa mwezi. Nane kati ya hao kumi walikuwa na kinga ya korona katika damu. Inafaa ikumbukwe kwamba ongezeko hilo lilionekana kwa sababu daftari lilikuwapo, na lilikuwa limeandikwa kwa miaka mitano mfululizo na watu ambao hawakujua litakuja kutumika kwa jambo gani.

Mnamo Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo ya awali ya jinsi ya kuyatambua maradhi haya. Wataalamu wameyapa jina refu, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema ni mchochota wa viungo vingi kwa watoto. Na katika vyeti vya hospitali huandikwa kwa herufi MIS-C. Mzazi akiziona herufi hizo katika karatasi ya mwanawe, ajue ndiyo haya tunayoyaeleza hapa.

Mwanzoni maradhi haya yalifananishwa na mengine ya zamani zaidi, yaitwayo maradhi ya Kawasaki. Daktari wa Kijapani, Tomisaku Kawasaki, alimwona mwaka 1961 mtoto wa miaka minne mwenye homa, upele, midomo mekundu na macho mekundu, ambaye hakulingana na ugonjwa wowote uliokuwamo vitabuni. Wakubwa wake hawakushawishika mara moja. Yeye akaendelea kuandika kila alipomwona mwengine, na mwaka 1967 akatoa taarifa ya watoto 50. Alifariki mwezi wa Juni 2020 akiwa na umri wa miaka 95, katika wiki zile zile ambapo jina lake lilikuwa likitajwa katika kila wodi ya watoto duniani. Lakini yale ya Kawasaki huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, na Japani ndiko yaliko mengi; haya yafuatayo korona huwapata zaidi wenye umri wa kwenda skuli, wengi wakiwa na miaka minane au tisa, na huelekea zaidi kuulegeza moyo na kuliumiza tumbo.

Je, hutokeaje? Kwa kadiri wataalamu walivyoweza kueleza, kirusi chenyewe hakimo tena, au kimebaki kidogo sana. Kinachomuumiza mtoto ni askari wa mwili wake mwenyewe. Walipoitwa vitani walikuja kwa wingi, vita vikaisha, nao hawakurudi kambini. Wanaendelea kupiga, safari hii mishipa ya damu, moyo, utumbo, ngozi na figo. Mishipa ikichochotwa huvuja, na damu hupungua nguvu ya kusukumwa. Mtoto hupoa miguu na mikono ilhali kifua na kichwa vinawaka moto. Kwa nini mtoto mmoja katika nyumba yapatwe na hali hiyo, na nduguye waliyelala kitanda kimoja asipatwe, bado ni swali linalotafutiwa jibu.

Tunafahamu kwamba wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya, ya watoto wa baridi. Maneno hayo tumeyasikia juu ya korona yenyewe, na hatuna budi kuyajibu. Kati ya wale wanane wa London, sita walikuwa wa asili ya Afrika na visiwa vya Karibi. Nchini Marekani nako, watoto weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kusini walionekana kuwa wengi kupita kiasi chao katika idadi ya watu. Wengine wamelieleza jambo hilo kwa hali ya maisha, kwamba ndio waliobanana majumbani na ndio waliokuwa na wazee wanaofanya kazi zisizoweza kufanywa nyumbani. Wengine wanaona huenda pia kuna sababu ya maumbile. Na katika bara letu wenyewe, madaktari wa watoto wa Cape Town waliyaona maradhi haya katika mwaka ule ule wa 2020, wiki kadhaa baada ya wimbi la kwanza la korona kuupitia mji huo, na wakatoa taarifa zake kwa walimwengu. Kwa hiyo hapana bahari wala jua lililomkinga mtoto wa Kiafrika. Pale ambapo hakuonekana, mara nyingi ni kwa kuwa hakutafutwa.

Ni haki pia kusema kwamba maradhi haya ni ya nadra. Nchini Marekani wagonjwa waliohesabiwa tangu mwaka 2020 wamezidi 9,000, na waliofariki wamezidi 70, katika taifa lenye makumi ya mamilioni ya watoto. Katika miezi ya mwanzo ya janga, uchunguzi uliofanywa huko ulikadiria mgonjwa mmoja katika kila maambukizo 3,000 hivi ya vijana wa chini ya miaka 21. Tangu aina ya kirusi iitwayo Omikroni ilipoenea mwaka 2022, na watu wengi wakawa na kinga ya chanjo au ya kuugua, idadi imeshuka sana. Mwaka 2023 walioripotiwa huko walikuwa zaidi kidogo ya 100. Hatuandiki haya ili mama asipate usingizi kila mtoto anapopiga chafya.

Lakini na tufanye hesabu ya skuli. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, na karibu nusu yao ni watoto. Tuchukue watoto laki nane tu. Lau robo tatu yao wangeambukizwa katika mawimbi ya mwanzo, na lau kiwango kingekuwa kama kile cha Marekani, tungelikuwa tunazungumza juu ya watoto 200, Unguja na Pemba pamoja. Hatusemi kwamba idadi ilikuwa hiyo. Tunasema kwamba watoto 200, wakitawanyika katika mashehia yote na katika muda wa miaka miwili, wanaweza kupita mlangoni kwetu mmoja mmoja na asiwepo hata mtu mmoja wa kuwaunganisha. Mmoja ataandikiwa homa ya matumbo. Mwengine ataandikiwa homa isiyojulikana. Wa tatu, na hili limekwisha kutokea katika nchi nyingi zilizo na hospitali kubwa kuliko zetu, atapelekwa chumba cha upasuaji kwa kudhaniwa ana kidole tumbo.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo ni letu hasa. Zamani homa katika visiwa hivi ilikuwa na jina moja. Mtoto akipata joto, alikuwa na malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na aghalabu haikuthibitika vinginevyo. Kazi kubwa iliyofanywa tangu miaka ya 2000, ya vyandarua, ya kupuliza dawa majumbani, ya vipimo vya haraka na ya dawa za mseto, iliyashusha maambukizo ya malaria Zanzibar hadi chini ya asilimia 1 ya watu. Ni sifa ambayo nchi nyingi zimekuja kuitazama, na wote walioifanyia kazi wanastahili shukrani. Lakini ushindi huo umetuachia deni. Homa sasa haina jina. Kipimo cha malaria kikisema hapana, muuguzi wa kituo cha shehia hubaki na mtoto anayewaka moto na daftari lenye nafasi tupu. Naye, kwa kukosa la kuandika, humpa dawa ya kuua bakteria na panadoli, akamwambia mama arudi baada ya siku tatu. Kwa homa nyingi siku tatu hizo hazina madhara. Kwa mtoto mwenye mchochota wa viungo vingi, siku tatu ni tofauti baina ya kufika hospitali akitembea na kufika akiwa amebebwa.

Muuguzi yule hana lawama. Hawezi kuuliza juu ya wimbi la korona lililopita wiki sita nyuma ikiwa hakuna aliyemwambia kwamba lilipita. Na hili linagusa historia yetu ya karibuni, ambayo inafaa kusemwa bila ya kutafuta ugomvi. Mwezi Mei 2020 hesabu za wagonjwa wa korona nchini Tanzania zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo kwa zaidi ya mwaka mzima. Maradhi hayakusimama pamoja na hesabu. Wazanzibari wanakumbuka vyema jinsi ulivyoanza mwaka 2021: mwishoni mwa Januari chama chake kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa korona, na tarehe 17 Februari 2021 akafariki katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kila mtu mzima aliyekuwapo anaweza kueleza alikuwa wapi habari ile ilipomfikia.

Sasa tuhesabu wiki mbili hadi sita kutoka katika siku zile. Tunafika mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Aprili 2021. Je, katika wiki hizo, ni vituo vingapi vilivyopata mtoto wa miaka minane mwenye homa ya siku tano, macho mekundu na tumbo linalouma, vikaambiwa viangalie nyuma? Kwa daktari wa Bergamo kulikuwa na daftari. Kwa wetu kulikuwa na kimya. Maradhi haya hujulikana kwa kalenda, na nchi iliyoifunga kalenda yake humwachia daktari afanye kazi akiwa amefumbwa macho. Tangu katikati ya mwaka 2021 takwimu zilirejea, na tarehe 28 Julai mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya korona mbele ya wananchi kwa kuchanjwa yeye mwenyewe. Hatua hizo tulizipokea kwa moyo mkunjufu. Hata hivyo, janga lilipotangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa si dharura tena, tarehe 5 Mei 2023, wengi walilifunga jalada kabisa, na kirusi hakikuondoka. Watoto wanaozaliwa kila siku Mnazi Mmoja na Chake Chake hawajapata kukutana nacho.

Kwa wazazi na walezi, basi, tunayaeleza yale ambayo wataalamu wanataka yaangaliwe. Jambo la kwanza ni homa inayofika siku tatu au zaidi. Juu ya homa hiyo, macho mekundu yasiyotoa tongo; upele wa mwilini; midomo iliyokauka na kupasuka, au ulimi mwekundu kama tunda; mikono na miguu iliyovimba; tumbo linalouma sana, kutapika, kuharisha. Si lazima yawepo yote, na mtoto mweusi upele wake huenda usionekane kwa urahisi, hata ikabidi aangaliwe viganjani na penye mwangaza wa jua. Lakini akiwa anapumua kwa haraka, miguu imepoa, amelegea na kusinzia, hakojoi, au amechanganyikiwa katika maneno, hiyo si hali ya kungojea asubuhi wala kungojea baba arudi baharini.

Akifika kwa daktari, mama aseme, hata asipoulizwa, kama katika miezi miwili iliyopita mtoto huyo au mtu yeyote wa nyumbani alikuwa na mafua, kikohozi, au alipoteza ladha ya chakula. Bibi anayelala na wajukuu hukumbuka zaidi kuliko baba anayeshinda dukani; basi naye aulizwe. Maneno hayo machache yana thamani kuliko vipimo vingi. Na tunaonya juu ya mambo mawili yanayofanywa majumbani kwa nia njema. Mtoto mwenye homa asipewe aspirini na mtu asiyekuwa daktari, kwani kwa mtoto mwenye maambukizo ya virusi dawa hiyo inaweza kuleta madhara makubwa ya ini na ubongo. Wala asipewe vidonge vya steroidi vinavyonunuliwa dukani kwa ajili ya pumu ya mtu mwengine. Vinaweza kuificha hali yake wakati daktari anapoitafuta.

Tumetaja steroidi, na ndipo penye habari njema kwa nchi kama yetu. Katika mwaka wa kwanza, hospitali za nchi tajiri ziliyatibu maradhi haya kwa dawa iitwayo imunoglobulini, ambayo hutengenezwa kutokana na damu ya maelfu ya watu waliojitolea. Ni dawa ya gharama kubwa, huhitaji baridi katika kuhifadhiwa, na mara nyingi haipatikani hata mahali penye fedha. Mwezi Juni 2021 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliokusanya habari za watoto 614 kutoka nchi 32. Ulilinganisha waliopewa imunoglobulini, waliopewa steroidi, na waliopewa vyote viwili pamoja. Na haukuona tofauti ya wazi baina yao katika kupona kwao. Mwezi Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza steroidi kwa watoto waliolazwa kwa maradhi haya. Prednisoloni na ndugu zake ni dawa za zamani, za bei ya chini, na majina yake yamo katika orodha za dawa muhimu. Ni mara chache dunia hupata ugonjwa mpya na kukuta kwamba dawa yake ilikuwa kabatini.

Lakini dawa iliyo kabatini haimtambui mgonjwa. Steroidi ikipewa mtoto ambaye kwa kweli ana bakteria katika damu, bila ya dawa ya kuwaua, inaweza kumdhuru. Kwa hiyo daktari huanza kwa kuyatafuta mengine, malaria, homa ya matumbo, denge, surua, na sumu ya bakteria, huku akimfunika mtoto kwa dawa za bakteria mpaka majibu yarudi. Huhitaji kipimo cha damu kinachoonyesha ukubwa wa mchochota. Na juu ya yote huhitaji mashine ya mawimbi ya sauti ya kuutazama moyo, pamoja na mtu aliyefundishwa kuisoma. Moyo uliolegea hauwezi kupokea maji mengi. Mtoto akimiminiwa chupa juu ya chupa kwa kudhaniwa kwamba ameharisha tu, maji hujaa mapafuni. Ni hapo ambapo wema usio na ujuzi humzamisha mgonjwa nchi kavu.

Wengi wao wakitibiwa mapema hupona kabisa, na moyo hurudi katika nguvu zake kwa wiki au miezi michache. Hata hivyo hutakiwa warudi kliniki ili moyo na mishipa yake itazamwe tena, kwani kwa baadhi mishipa hiyo huvimba; na huzuiwa michezo ya nguvu kwa miezi kadhaa. Wazazi wa wavulana watatuelewa tukisema kwamba sharti hili la mwisho huenda likawa gumu kuliko matibabu yote yaliyotangulia.

Kuhusu chanjo tutasema machache, kwani yamesemwa mengi na kwa sauti kubwa. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa Januari 2022 uliona kwamba kwa vijana wa miaka 12 hadi 18 waliopata dozi mbili za chanjo ya Pfizer, uwezekano wa kupatwa na maradhi haya ulipungua kwa asilimia 91. Na mwaka 2023, wengi mno wa watoto walioyapata huko walikuwa hawakuchanjwa. Mwenye kupima na apime.

Tunaigeukia Serikali. Hatuombi jengo jipya, wala hatuombi kamati. Tunaomba, kwanza, kwamba kila daftari la wagonjwa katika vituo vya afya, kuanzia Makunduchi hadi Micheweni, liongezwe safu moja ya kuandika kama mtoto mwenye homa ya siku tatu alikuwa na mafua au kikohozi nyumbani mwao katika miezi miwili iliyopita. Safu hiyo haigharimu kitu zaidi ya wino. Tunaomba waganga na wauguzi wa vituo hivyo wapewe ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi wenye dalili tulizozitaja, ubandikwe ukutani pale pale palipobandikwa ratiba za chanjo za watoto wachanga.

La pili linaihusu Pemba. Mtoto wa Mjini akizidiwa usiku, gari humfikisha Mnazi Mmoja kwa muda wa dakika. Mtoto wa Wete au wa Mkoani ana bahari mbele yake, na boti haziondoki kwa saa za ugonjwa. Kwa hiyo yale yanayohitajika katika saa za kwanza, yaani oksijeni, dawa ya kuliinua shinikizo la damu, steroidi ya sindano, na mashine ya kuutazama moyo pamoja na msomaji wake, yawepo Pemba kwenyewe, katika hospitali ya Abdulla Mzee na ya Chake Chake, mchana na usiku, na siku za sikukuu pia. Mashine inayolala kwa sababu mwenye kuisoma amekwenda likizo ni samani. Wanaohusika wanalijua hilo kuliko sisi, na tunaamini wangependa kulisikia likisemwa na mtu asiyekuwa chini ya mamlaka yao.

La tatu ni ile kalenda. Kila wiki vituo vyetu huandika watu waliokuja na mafua, kikohozi na homa za kifua. Hesabu hizo hupanda Wizarani na huko hukaa. Tunaomba zishuke tena: zirudishwe vituoni kila wiki, shehia kwa shehia, ili muuguzi wa Kojani ajue kwamba mwezi uliopita kikohozi kilikuwa kingi kwao, na kwa hiyo mwezi huu awe macho kwa watoto wenye homa isiyo na jina. Sisi wa gazeti hili tuko tayari kutoa nafasi katika ukurasa huu kila Jumatatu kwa ajili ya hesabu hizo, bila ya malipo, kuanzia wiki ile Wizara itakapotuletea ya kwanza.